Bei ikipanda, nani ana gunia? Misukosuko ya uchumi na pengo la kipato Kilombero

Ni kawaida kusikia sokoni kwamba uchumi ukiyumba wote tunaumia, na ukitengemaa wote tunapata nafuu. Kwa mtu anayefuata biashara ya mpunga na mchele wa Ifakara, kauli hiyo haitoshi. Katika bonde la Kilombero mtikisiko mmoja unaweza kumwacha mkulima wa Mbingu bila chakula, ukamjengea nyumba mwenye ghala, na mtikisiko wa pili ukamfilisi mwenye ghala huyo huyo huku mkulima akipumua.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia kwa nini iko hivyo, na nini mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anapaswa kukipima kabla ya kupeleka fedha zake bondeni.

UMASKINI NA PENGO SI KITU KIMOJA

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Umaskini hupimwa kwa kuuliza ni watu wangapi wanashindwa kupata mahitaji ya msingi. Pengo la kipato hupimwa kwa kuuliza mwenye nacho amemzidi asiye nacho kwa kiasi gani. Wataalamu hutumia kipimo kiitwacho Gini: sifuri maana yake wote wako sawa, moja maana yake mtu mmoja kachukua vyote.

Vipimo hivi viwili si lazima viende pamoja. Indonesia, nchi ya walaji wakubwa wa wali, ni mfano mzuri. Sarafu yake ilipoporomoka mwaka 1997 na bei ya mchele kuruka mwaka 1998, idadi ya maskini iliongezeka sana. Hata hivyo pengo la kipato lilipungua, kwa sababu waliopoteza zaidi walikuwa watu wa mijini wenye mishahara, biashara na mikopo ya mabenki. Matajiri walishuka na maskini nao wakazidi kuzama. Kwenye karatasi nchi ilikuwa na usawa zaidi, lakini jikoni hali ilikuwa mbaya zaidi.

Tanzania tuliyapitia hayo miaka kumi na zaidi kabla ya Indonesia, na Kilombero ilikuwa katikati yake.

MIAKA YA UKATA

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo mengi yalitukumba kwa mkupuo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikafuata mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, na fedha za kigeni zikakauka. Wakati huo mazao ya chakula yalikuwa chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC). Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, hivyo mkulima wa mpunga hakuwa na mnunuzi mwingine halali. Bei ilipangwa na Serikali.

Bei hiyo ilikuwa chini sana ya ile ya mlango wa nyuma. Zaidi ya hayo, mkulima aliyeuza kwa NMC na kulipwa alikuta duka la kijiji halina sabuni, sukari wala khanga. Fedha mkononi bila bidhaa dukani haina thamani kwa mkulima. Wengi waliamua kulima cha kutosha kula na kuuza kidogo kwa siri.

Hapo ndipo lilipozaliwa tabaka la kwanza la wenye nazo katika biashara ya mchele. Kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 kulihitaji kibali. Aliyekuwa na kibali, gari au ndugu kwenye kizuizi cha barabarani alinunua kwa bei ya shamba na kuuza kwa bei ya Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa imeiweka Ifakara na Mlimba karibu zaidi na walaji wa mjini. Serikali iliwaita watu hao walanguzi, na mwaka 1983 ikaendesha msako mkubwa dhidi ya wahujumu uchumi. Msako uliwatia hofu walanguzi lakini haukujaza maduka.

Walioumia zaidi kipindi hicho walikuwa waajiriwa. Mshahara wa karani, mwalimu au mfanyakazi wa kiwanda cha sukari ulibaki pale pale wakati bei zikipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mkulima wa Kilombero angalau alikuwa na wali wake. Pengo kati ya mji na kijiji lilipungua, lakini kwa sababu mji uliteremka, si kwa sababu kijiji kilipanda.

RUKSA NA SOKO HURIA

Mabadiliko yalianza mwaka 1984. Waliokuwa na fedha zao nje waliruhusiwa kuingiza bidhaa, na mzigo wa nafaka usiohitaji kibali ukapandishwa kutoka kilo 30 hadi 500. Rais Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani Novemba 1985. Agosti 1986 Serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) chini ya Mpango wa Kufufua Uchumi, na mwaka 1987 vikwazo vya kusafirisha nafaka vikaondolewa. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi 17 mwanzoni mwa 1986 ilifikia zaidi ya 50 mwisho wa mwaka huo, na zaidi ya 500 katikati ya miaka ya 1990.

Kwa Kilombero hii ilikuwa nafuu ya kweli. Bidhaa zilirudi dukani, wanunuzi wakaongezeka, na aliyeitwa mlanguzi jana akaitwa mfanyabiashara leo. Mashine za kukoboa zilifunguliwa na malori yakaingia hadi vijijini.

Lakini soko huria lilipofungua mlango mmoja lilifunga mwingine. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa na kuondolewa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Mikopo ya pembejeo kupitia ushirika ilikauka. Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) iligawanywa mwaka 1997 ili kuuzwa, na mtu wa kijijini hakuwa mteja aliyewavutia wanunuzi. Kwa hiyo mkulima alipata uhuru wa kuuza kwa amtakaye, lakini hakupata fedha za kumwezesha kusubiri. Mnunuzi mwenye fedha taslimu ndiye akawa benki yake.

Takwimu za Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Tanzania Bara zinaonyesha matokeo. Mwaka 1991/92 watu 38.6 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2000/01 walikuwa 35.7. Dar es Salaam ilishuka kutoka asilimia 28.1 hadi 17.6. Vijijini kulishuka kutoka 40.8 hadi 38.7 tu. Yaani nafuu ya miaka ya 1990 ilipanda basi na kuteremkia Dar es Salaam.

Miaka iliyofuata uchumi ulikua kwa karibu asilimia saba kwa mwaka, kasi ambayo nchi nyingi ziliitamani. Hata hivyo mwaka 2007 umaskini ulikuwa bado asilimia 33.6. Madini, ujenzi, mawasiliano na utalii vilikua haraka, lakini walalahoi wengi walikuwa kwenye jembe. Mwaka 2011/12 kipimo kilisoma 28.2, ingawa namna ya kupima nayo ilikuwa imerekebishwa, na mwaka 2017/18 kilisoma 26.4. Katika kipindi hicho cha mwisho Gini ilipanda kutoka 0.34 hadi 0.38. Umaskini ulipungua kidogo huku pengo likipanuka.

HESABU YA KAYA MBILI

Kwa nini ukuaji unafika polepole kwenye nyumba ya mkulima wa mpunga? Jibu liko kwenye kalenda. Sehemu kubwa ya Kilombero huvuna mpunga mara moja kwa mwaka, kati ya Mei na Julai. Miezi ya njaa ni Desemba hadi Machi, wakati wa kulima na palizi, ambapo vibarua wanahitaji kulipwa na ghala la nyumbani limekwisha.

Tuchukue kaya mbili za mfano, zenye mashamba sawa. Kila moja imevuna magunia 20 ya mpunga na kila moja hula magunia manane kwa mwaka. Tuseme bei ya Juni ni shilingi 60,000 kwa gunia na ya Februari ni 100,000.

Kaya ya kwanza ina deni la palizi na ada ya shule. Inauza magunia 16 mwezi Juni na kupata shilingi 960,000. Inabaki na manne. Februari inanunua manne mengine kwa shilingi 400,000. Mwisho wa mwaka imebaki na 560,000, na humo ndimo deni linalipwa.

Kaya ya pili haina deni. Inauza sita Juni (360,000), inaweka manane ya kula, na kuuza sita yaliyobaki Februari (600,000). Jumla ni 960,000. Mavuno ni yale yale, jasho ni lile lile, lakini tofauti ni shilingi 400,000. Tofauti hiyo imeletwa na uwezo wa kusubiri miezi minane.

Sasa tulete mtikisiko. Mafuta yamepanda, mbolea imepanda, na bei ya Februari imeruka hadi 150,000. Kaya ya pili inapata 1,260,000. Kaya ya kwanza, ambayo nayo ni ya wakulima, inabaki na 360,000. Pengo limepanuka kutoka 400,000 hadi 900,000. Magazeti yataandika kwamba bei nzuri imewanufaisha wakulima, na kwa wastani itakuwa kweli. Lakini kaya ya kwanza ilipofika Februari ilikuwa upande wa wanunuzi.

Tugeuze tena. Mchele wa nje umeingia na bei ya Februari imeanguka hadi 50,000. Kaya ya pili inapata 660,000. Kaya ya kwanza inabaki na 760,000. Aliyesubiri ameadhibiwa, na pengo limegeuka. Mfanyabiashara aliyejaza ghala kwa fedha za mkopo yuko katika hali mbaya kuliko wote wawili.

Kutokana na hesabu hii msomaji ataona kwamba katika bonde hili kinachomgawa maskini na mwenye nafuu si ukubwa wa shamba peke yake. Ni siku ya kuuza, siku ya kununua, na deni lililoko katikati.

MNGETA: MKUBWA NAYE HUANGUKA

Mfano wa bei kuanguka si wa kubuni. Mwaka 2008 bei ya mchele katika soko la dunia ilipanda karibu mara tatu ndani ya miezi michache, na wawekezaji wengi wakageukia Afrika. Mwaka huo huo shamba la Mngeta, lenye zaidi ya hekta 5,000, lilichukuliwa na kampuni ya Kilombero Plantations Limited kwa mtaji kutoka nje. Baadaye Kilombero ikawekwa ndani ya mpango wa Serikali na wafadhili wa kukuza kilimo kusini mwa nchi, SAGCOT.

Hesabu ya kampuni yoyote ya mpunga katika ukanda huu huegemea ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, ambao kwa mchele uliwekwa asilimia 75. Lakini mwishoni mwa 2011 mfumuko wa bei nchini ulifikia karibu asilimia 20, walaji wa mijini wakalalamika, na mwanzoni mwa 2013 Serikali ikaruhusu shehena za mchele wa nje kuingia bila ushuru huo. Bei iliporomoka. Mwenye mtaji mkubwa, mitambo ya umwagiliaji na marejesho ya mkopo alikuwa na gharama zisizosubiri. Mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya mfilisi.

Mkulima mdogo wa jirani naye alipata hasara, lakini alikuwa na njia ambayo kampuni haina: alikula mchele wake. Hiyo ndiyo bima ya mlalahoi wakati wa mtikisiko. Bima hiyo ina bei yake, kwani anayelima ili ale hapati mtaji wa kusonga mbele nafuu inaporudi. Kwa hiyo kila mzunguko humkuta pale pale.

MIWA NA KAKAO

Mpunga si zao pekee. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilibinafsishwa mwaka 1998 kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake, huku Serikali ikibaki na asilimia 25. Tangu hapo wakulima wa nje wa miwa waliongezeka sana kuzunguka Kidatu na Mang'ula. Hapa kipato hutegemea foleni ya kuvuna. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Nino zilizuia uvunaji na sukari ikaadimika nchi nzima. Bei ya dukani iliruka, lakini mwenye miwa iliyosimama kwenye maji hakuona hata senti ya bei hiyo.

Kakao ilionyesha upande mwingine. Katika vijiji vya chini ya milima ya Udzungwa, kama Mbingu, wapo wakulima wenye mikakao. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa sababu ya mavuno mabaya Afrika Magharibi, kisha ikaporomoka mwaka 2025. Mkakao huchukua miaka kadhaa kuzaa. Waliovuna neema hiyo ni wale waliokuwa na ardhi na subira ya kupanda zamani. Aliyekodi robo eka ya mpunga aliisikia neema kwenye redio.

DARAJA NA MBOLEA

Kwa upande mwingine yapo mambo yanayopunguza pengo, na mfanyabiashara hana budi kuyahesabu. Kwa miaka mingi Ulanga na Malinyi zilitenganishwa na Ifakara na mto Kilombero. Mvua zikizidi, mpunga wa ng'ambo ulikaa ng'ambo. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero kilizama. Mei 2018 daraja la Magufuli lilizinduliwa. Panapopita lori mwaka mzima, wanunuzi huwa wengi na mkulima huweza kumkataa wa kwanza. Faida ya dalali kwa kila gunia hupungua, ingawa idadi ya magunia huongezeka. Mfanyabiashara aliyezoea kupata faida kutokana na ubovu wa barabara atafute biashara nyingine.

Mbolea ni jambo la pili. Baada ya vita ya Ukraine kuanza mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa urea ulivuka shilingi 100,000 katika maeneo mengi. Agosti mwaka huo Serikali ilizindua ruzuku iliyoshusha bei hadi 70,000. Ruzuku humsaidia aliye na 70,000 wakati wa kupanda. Asiye nazo hukopa, na mara nyingi hulipa kwa mpunga kwa bei iliyopangwa kabla mpunga haujachanua. Akipewa shilingi 30,000 Januari kwa gunia litakalouzwa 60,000 Juni, amekopa kwa riba ya asilimia 100 kwa miezi mitano. Hakuna ruzuku inayoweza kufuta riba ya namna hiyo.

NINI CHA KUANGALIA

Kwa wasomaji wetu wenye nia ya kununua, kuhifadhi au kuwekeza bondeni, haya ndiyo ya kupima.

Kwanza, vibali vya mchele wa nje. Kila bei ya mjini ikipanda kwa kasi, uwezekano wa Serikali kulegeza ushuru nao hupanda. Usijaze ghala lote kwa fedha za mkopo bei ikiwa kileleni. Mwenye ghala la fedha zake huumia. Mwenye ghala la mkopo hufilisika.

Pili, soko la dunia. India ilizuia mchele wake mweupe wa kawaida kwenda nje Julai 2023 na kuuachia Septemba 2024. Maamuzi ya New Delhi hufika Tandale, na kutoka Tandale hufika Ifakara.

Tatu, madeni ya Januari. Ukitaka kujua mauzo ya duka lako la Ifakara mwezi Februari yatakuwaje, usiulize mavuno yalikuwa magunia mangapi. Uliza mangapi yalikwisha kuuzwa kabla ya kuvunwa. Mji ambao faida ya mpunga imeingia mifuko michache una wateja wengi Julai na maduka matupu Februari.

Nne, mahali pa kusubiria. Sheria ya stakabadhi ghalani ya mwaka 2005 inamruhusu mkulima kuweka mazao ghalani na kukopa kwa dhamana ya stakabadhi. Ikisimamiwa vizuri, pamoja na SACCOS zenye riba ya kueleweka, kaya ya kwanza katika mfano wetu ingeweza kufanya kama ya pili. Kwa mwekezaji mdogo, ghala kavu na lenye mizani ya haki ni biashara. Lumbesa si biashara, ni kumkata mteja wako mguu kisha kumtaka aje dukani.

Misukosuko itarudi, kwa jina la mafuta, mvua, vita au sarafu. Nafuu nayo itarudi baada yake. Historia ya bonde hili inaonyesha kwamba nafuu humfikia kwanza aliyeingia kwenye mtikisiko akiwa na akiba na bila deni. Mfanyabiashara anayetaka soko la kudumu Kilombero ana maslahi yake mwenyewe katika kuongeza idadi ya watu wa aina hiyo, kwani wao ndio wanunuzi wake mwezi Februari.